Kura za Mtandaoni na Namna Zinavyofinyanga Mazungumzo ya Walaji



Zamani, na zamani hiyo si mbali, mtu aliyetaka kununua friji alimwuliza jirani aliyekuwa nayo, au fundi wa mtaani aliyezoea kuzifungua. Alimjua anayemwuliza. Alijua kama fundi huyu ana ubia na mwenye duka, au kama jirani yule husifu kila kilicho chake. Leo swali hilohilo huulizwa mtandaoni, mbele ya maelfu ya watu wasiojuana, na jibu linalomfikia muulizaji kwanza halikuchaguliwa na fundi wala na jirani. Limechaguliwa na kura: vidole gumba, mioyo, nyota, na mishale ya kupandisha na kushusha.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa tunaamini msomaji amekwisha kuuona kwa sura nyingine. Mama mmoja anauliza katika kundi kubwa la Facebook: "Jamani, friji gani ndogo haili umeme?" Yanakuja majibu mia tatu. Juu kabisa limekaa jibu la kijana aliyesema friji isiyokula umeme ni ile isiyochomekwa. Limependwa na watu mia tisa. Chini sana, mahali ambapo kidole huchoka kabla ya kufika, yuko fundi aliyeandika aya nzima. Anamwambia mama asome kibandiko cha matumizi ya umeme, alinganishe kilowati-saa kwa mwaka, akague mpira wa mlango, tena asiibane friji ukutani, maana joto lake linahitaji pa kutokea. Fundi huyo amependwa na watu wanne.

Utani ule ni mzuri, nasi tumeucheka. Lakini mama hakuja kucheka. Ana fedha za mkopo wa kikundi mkononi, na sauti itakayomfikia ni ya mchekeshaji. Naye fundi amejifunza jambo: aya yake imemchukua robo saa, sentensi ya kijana imechukua sekunde chache. Mara ijayo fundi atanyamaza, au ataanza kutunga utani. Baada ya mwaka mmoja kundi lile litakuwa na wachekeshaji wengi na mafundi wachache, na hakuna mtu aliyekutana na wenzake akaamua liwe hivyo. Kitufe kimeamua.

Hilo ndilo jambo tunalotaka kulieleza katika somo hili. Kura ya mtandaoni haihesabu mazungumzo tu. Huwafunza watu namna ya kuzungumza. Mlaji anayesoma maoni ya wenziwe kabla ya kutoa fedha anahitaji kujua kura zile zimepigwa kwa kanuni gani, kama vile anavyohitaji kujua mizani ya muuza nyama imepimwa na nani.

Kila kitufe kina swali lake

Mitandao tunayoitumia zaidi katika nchi zetu imebuniwa Marekani, na kanuni za vitufe vyake ziliwekwa huko. Kwa hiyo mifano yetu mingi itatoka huko, japo matokeo yake tunayaishi hapa.

Anayebonyeza kitufe hujibu swali, hata kama swali halikuandikwa popote. Kidole gumba cha Facebook, kile ambacho vijana hukiita laiki, kilianza kutumika Februari 2009, na swali lake ni: "Je, umependezwa?" Swali hilo halihusu ukweli, wala halihusu manufaa. Mtu anaweza kupendezwa na uongo uliosemwa vizuri. Kumbe basi, jibu lenye kidole gumba mia tisa halijathibitishwa na watu mia tisa, limewapendeza tu.

Wapo waliojaribu kuuliza swali jingine. Jumuiya ya Slashdot, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kusomwa hasa na watu wa kompyuta, ilikataa kumpa kila msomaji kitufe. Baadhi ya wanachama waliokaa humo kwa muda hupewa pointi chache za kutumia, nazo huisha muda wake zisipotumiwa. Kila maoni hupimwa kuanzia alama −1 hadi 5, na mpigaji kura hulazimika kuchagua sababu: yana taarifa, yana busara, yanachekesha, yako nje ya mada, yanachokoza. Halafu wakaweka kanuni moja ambayo sisi tunaiona ya maana sana: maoni yakipandishwa kwa sababu ya kuchekesha, yanapanda kweli, ila mwandishi wake haongezewi sifa. Utani haukupigwa marufuku. Ulinyimwa mshahara tu. Fundi wetu wa friji angekuwa huko, asingelazimika kushindana na kijana katika uwanja uleule.

Facebook ilichukua njia nyingine. Februari 2016 iliongeza vitufe vya moyo, kicheko, mshangao, huzuni na hasira. Kwa mtazamo wa mtumiaji ilionekana ni kupanua lugha: sasa mtu aweza kuonesha majonzi kwenye habari ya msiba badala ya kuipa kidole gumba, jambo lililokuwa likituaibisha wengi. Kilichokuwa nyuma ya pazia kilijulikana baadaye, nyaraka za ndani za kampuni hiyo zilipofichuliwa mwaka 2021. Kuanzia 2017, kanuni ya kompyuta inayoamua nani aone nini ilikuwa ikihesabu kila kimoja cha vitufe vile vipya kuwa sawa na vidole gumba 5. Uso wa hasira nao ulikuwamo. Aliyekasirisha watu alipata mara tano ya aliyewapendeza, na andiko lake likasukumwa kwa watu wengi zaidi. Uzito huo ulipunguzwa kwa awamu, hata mwaka 2020 uso wa hasira ukafanywa kuwa sifuri.

Hebu tufikirie miaka ile kwa upande wa mlaji. Mtu aliyeandika kwa utulivu kwamba kifurushi fulani cha intaneti kinaisha mapema, akaeleza alivyopima, alishindwa na mtu aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba wateja wote wanaibiwa. Wa pili hakuwa na kipimo chochote, lakini alikuwa na nyuso nyekundu. Malalamiko ya haki yalijifunza kuvaa nguo za ugomvi ili yaonekane, na kampuni zikapata kisingizio cha kusema kwamba watu wa mtandaoni hawana hoja ila matusi.

Kura ya kwanza

Barazani, mzee wa kwanza kutikisa kichwa huwavuta wengine. Mtandaoni mambo ni hayohayo, na tofauti ni kwamba huko yamepimwa.

Mwaka 2013 watafiti Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio walilolifanya kwenye tovuti ya kujadili habari. Walichukua maoni 101,281 yaliyokuwa yameandikwa tu na watumiaji. Mengine wakayapa kura moja ya kuunga mkono, mengine kura moja ya kupinga, mengine wakayaacha yalivyo, yote kwa bahati nasibu bila kujali yaliyomo. Maoni yaliyopewa ile kura moja ya bandia ya kuunga mkono yalikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 32 wa kuungwa mkono na msomaji aliyefuata, na mwisho wa yote alama zake zilikuwa juu kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja! Ya kupinga haikufanya kazi kwa namna hiyo; wasomaji walielekea kuirekebisha, kana kwamba walimwonea huruma aliyepingwa. Sifa za uongo, kwa hiyo, hudumu kuliko lawama za uongo, na wauzaji wa laiki walikuwa wakilijua hilo sokoni bila kusoma jarida lolote.

Jaribio jingine la mwaka 2006, la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts, lilihusu nyimbo 48 zisizojulikana na wasikilizaji zaidi ya 14,000. Baadhi ya wasikilizaji hawakuoneshwa wimbo upi umepakuliwa mara ngapi. Wengine waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na kila kundi lilioneshwa hesabu zake lenyewe. Nyimbo zilezile zikafika mahali tofauti kabisa katika makundi hayo. Zilizokuwa nzuri mno hazikuanguka sana, na mbaya mno hazikupanda sana, lakini katikati hapo, ambako bidhaa nyingi za maisha yetu zimo, lolote liliweza kutokea.

Watu wa Kenya wenye umri wa kutosha hawahitaji kufundishwa jambo hili na watafiti. Katika mchujo wa chama cha KANU mwaka 1988 wapiga kura walipanga foleni hadharani nyuma ya mgombea au wakala wake, utaratibu uliobaki katika kumbukumbu kwa jina la mlolongo. Kila mtu aliona ni nani amesimama wapi, na foleni ndefu ilizidi kurefuka kwa sababu ni ndefu. Utaratibu ule uliachwa baadaye. Mtandaoni, mlolongo ndio utaratibu wa kawaida: kabla ya kupiga kura yako umekwisha kuoneshwa za wengine.

Kwa mlaji, ushauri unaotoka hapa ni mmoja tu. Soma maoni kwanza, angalia idadi ya kura baadaye. Tunajua ni vigumu, kwa sababu idadi imewekwa mahali ambapo jicho hutua. Jaribu hata hivyo kuyafunika kwa kidole.

Gharama ya kupinga

Je, jumuiya yenye kitufe cha kupinga ni bora kuliko isiyo nacho? Watu wenye akili wametofautiana hapa, nasi hatutajifanya kulimaliza suala hili.

Hoja ya wanaokitaka ni kwamba bila upinzani, uongo hauna wa kuushusha. Hoja ya wasiokitaka inapata nguvu katika utafiti wa mwaka 2014 wa Justin Cheng, Cristian Danescu-Niculescu-Mizil na Jure Leskovec, waliochunguza maoni ya wasomaji katika tovuti nne kubwa za habari na burudani. Walitaka kujua mtu akipingwa hufanya nini. Hakujirekebisha wala hakunyamaza. Aliandika zaidi, aliandika vibaya zaidi, na akaanza kuwapinga wengine kwa wingi. Aliyekwaruzwa aligeuka mkwaruzaji. Wale ambao hawakupata kura yoyote, ya juu wala ya chini, ndio walioelekea kuondoka. Ukitaka kumfukuza mtu barazani, usimzomee, usimsikilize.

Stack Overflow, jumuiya ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008, ilipata dawa ya kiasi. Huko, jibu likiungwa mkono, mwandishi hupata pointi 10 za sifa. Likipingwa hupoteza 2. Lakini anayepinga naye hukatwa 1. Mtu hatoi pointi yake kwa chuki ya kupita. Tena mgeni hawezi kupinga mpaka ajijengee sifa kiasi. Matokeo yake ni mazungumzo makavu, sahihi, yasiyo na salamu, ambayo kwa miaka mingi yamewasaidia watu wengi mno, wakiwemo vijana wetu wanaojifunza kazi hiyo Dar es Salaam na Nairobi. Lakini ukavu una bei. Mwaka 2018 wenye jumuiya hiyo walikiri hadharani kwamba wageni wanaiona kuwa mahali pasipokaribisha. Kanuni iliyoundwa kulinda majibu ilikuwa imewafukuza waulizaji.

Kisha iko YouTube, na hapa suala linatufika jikoni. Novemba 2021 ilificha idadi ya vidole gumba vya chini. Kitufe kipo, mtazamaji anaweza kukibonyeza, mwenye video huona hesabu yake, ila watazamaji wengine hawaioni. Sababu iliyotolewa ni kuwalinda wenye video, hasa wadogo, dhidi ya watu wanaokusanyana ili kumshambulia mmoja. Hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, kwa maoni yetu, aliyelipa gharama ni mtazamaji. Anayejifunza kutoka kwenye video namna ya kubadili rejista ya mtungi wa gesi, au kurudisha umeme uliokatika sehemu moja ya nyumba, hahitaji kujua kama video imependwa. Anahitaji kujua kama kuna watu elfu walioifuata wakaona kwamba ni ya kuhatarisha maisha. Alama ile ya chini ilikuwa ndiyo honi. Tangu hapo mtu hana budi kuteremka na kusoma maoni yenyewe, tena ayapange kwa tarehe badala ya kuyapanga kwa umaarufu, maana onyo la jana halijapata muda wa kupendwa. Kwa kazi za gesi na umeme tunasema wazi: video isichukue nafasi ya fundi mwenye leseni.

Nyota tano za woga

Nyota zinatuhusu kuliko alama nyingine zote, kwa kuwa huwekwa moja kwa moja juu ya bidhaa, nyumba ya wageni, dereva au duka. Nazo ndizo zinazodanganya kwa upole zaidi.

Mwaka 2009 YouTube, ambayo wakati huo ilitumia nyota tano, ilitazama hesabu zake na kugundua kwamba karibu kura zote zilikuwa za nyota tano. Watu walikuwa wakitoa tano au hawatoi kabisa. Mizani yenye hatua tano ilikuwa inatumika kama mizani yenye hatua moja, na mwaka uliofuata ikaondolewa, vidole gumba viwili vikaingia.

Katika biashara iko sababu nyingine, nayo ni hofu. Soko la mtandaoni la eBay lilianzisha mwaka 1996 utaratibu wa mnunuzi na muuzaji kupimana. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa: watu wasioonana waliweza kuaminiana. Lakini taratibu muuzaji alijifunza kusubiri. Mnunuzi akiandika vibaya, naye anaandikiwa vibaya papo hapo, na jina lake linaharibika kwa ununuzi ujao. Wanunuzi waliouziwa vitu vibovu wakaona heri kunyamaza. Sifa zikajaa, ukweli ukapungua, mpaka mwaka 2008 eBay ikawaondolea wauzaji uwezo wa kumpa mnunuzi alama mbaya. Airbnb, inayopangisha nyumba kwa wageni, ilipokutana na tatizo hilo mwaka 2014 ilichagua njia ya bahasha mbili: mgeni na mwenyeji huandika kila mmoja peke yake, na hakuna anayeona la mwenziwe mpaka wote waandike au siku 14 zipite.

Msomaji atambue kilichobadilika katika visa hivi viwili. Watu hawakuhubiriwa kuwa wakweli. Ilibadilishwa tu saa ya kuonana kwa maneno yao, au nani anaweza kumjibu nani, na lugha ikabadilika.

Hapa kwetu hofu ina sura yake ya ziada: dereva amekuona mlango wako, mama lishe ni jirani, muuza simu ni mtoto wa shangazi wa rafiki. Mtu anatoa nyota tano kwa adabu. Hatuwezi kuilaumu adabu; tumelelewa nayo. Lakini mlaji anayesoma nyota hizo asizichukue kama kipimo cha ubora. Asome maneno ya waliotoa nyota tatu. Hao mara nyingi hawana hasira ya kulipiza wala woga wa kuudhi, na huandika kitu kama "chaja ni nzuri ila waya ni mfupi", sentensi moja yenye faida kuliko sifa ishirini.

Hesabu iliyo nyuma ya mpangilio

Tuseme duka moja lina kura 5, zote nzuri. Jingine lina kura 500, na 480 kati yake ni nzuri. La kwanza lina asilimia 100, la pili asilimia 96. Tovuti inayopanga kwa wastani italiweka la kwanza juu, na mlaji atalipelekea fedha zake duka ambalo huenda limesifiwa na mwenyewe, mkewe na wadogo zake watatu.

Dawa ya tatizo hili ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1927 Mmarekani Edwin Wilson alitoa kanuni ya hesabu inayouliza: kwa ushahidi huu tulio nao, kiwango cha chini kabisa tunachoweza kukiamini ni kipi? Ukiitumia kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, duka lenye kura 5 linapata takriban asilimia 57, na lenye kura 500 linapata takriban 94. Mpangilio umegeuka. Mwaka 2009 jumuiya ya Reddit, ambako watu hupandisha na kushusha maoni kwa mishale, ilianza kupanga maoni kwa kanuni hiyo. Kabla ya hapo, aliyewahi kuandika mapema alikusanya kura nyingi na kukaa juu siku nzima. Aliyekuja na jibu bora saa tatu baadaye hakuonekana. Kwa hiyo watu walikimbilia kuandika kwanza na kufikiri baadaye. Baada ya badiliko, jibu lililochelewa lakini lenye uwiano mzuri wa kura liliweza kupanda. Kuchelewa kwa ajili ya kufikiri kukapata nafasi.

Mlaji hahitaji kuijua kanuni ya Wilson. Inatosha kila aonapo asilimia au nyota aulize: kati ya wangapi?

Makundi yasiyo na mpangilio

Msomaji anaweza kusema: sisi huku tunazungumza zaidi kwenye makundi ya WhatsApp, na huko hakuna kura. Ni kweli kwa kiasi. Tangu 2022 mtu anaweza kuweka kidole gumba, moyo au mikono iliyokunjwa juu ya ujumbe wa mwenziwe, lakini alama hizo hazipandishi ujumbe. Mambo hufuatana kwa saa tu.

Hata hivyo kutokuwa na kura nako ni utaratibu, na una tabia zake. Katika kundi la aina hiyo anayeshinda ni wa mwisho kusema na anayerudia zaidi. Onyo la kweli juu ya mkopo wa simu wenye riba ya kuumiza, likiandikwa saa mbili asubuhi, saa nne limekwisha kufukiwa na salamu, picha za harusi na tangazo lilelile la mkopo lililotumwa upya. Tena msimamizi wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama. Msimamizi akiwa ndiye muuzaji, na makundi mengi ya biashara yako hivyo, mlaji hasomi maoni ya wateja. Anasoma maoni yaliyobakizwa. Ukimya wa malalamiko katika kundi la muuzaji usihesabiwe kuwa ushahidi wa chochote.

Upo utaratibu mmoja mpya unaostahili kutajwa. Mtandao wa Twitter, sasa X, ulianza mwaka 2021 kuwaruhusu watumiaji kuandika maelezo ya kusahihisha chini ya maandiko ya wengine. Maelezo hayo hayaoneshwi kwa sababu tu yameungwa mkono na wengi. Lazima yaungwe mkono na watu ambao kwa kawaida hutofautiana katika kura zao. Mashabiki elfu kumi wa upande mmoja hawatoshi. Anayetaka maelezo yake yaonekane analazimika kuandika jambo ambalo hata mpinzani wake atalikubali, na hivyo huandika kwa ushahidi na kwa maneno mafupi. Utaratibu huo una udhaifu wake: maelezo mengi hayaonekani kamwe, na mengine huonekana uongo ukiwa umekwisha kufika mbali. Lakini swali lake ni jema, na laweza kuulizwa hata kwenye kundi la mtaa: je, walioisifu bidhaa hii ni wa namna moja tu?

Kura zinazonunuliwa

Palipo na thamani, pana bandia. Laiki, wafuasi na nyota huuzwa kwa vifungu kama nyanya. Wapo wafanyabiashara wanaoona ni matangazo ya kawaida; si hivyo. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kuhadaa, au unaoelekea kufanya hivyo. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Sheria hizi hazikuandikwa kwa ajili ya vidole gumba, lakini udanganyifu haubadiliki jina kwa kuhamia kwenye simu. Kwingineko wametunga kanuni mahususi: nchi za Umoja wa Ulaya tangu Mei 2022, na Marekani ambako kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza maoni ya bandia, na pia kununua wafuasi bandia kwa madhumuni ya biashara.

Mlaji aliyenunua kitu kwa kuziamini nyota, kisha akagundua kwamba zilipikwa, asiseme ni uzembe wake. Ahifadhi picha ya ukurasa ule kabla haujabadilishwa, risiti ya malipo, na mazungumzo yote na muuzaji, kisha apeleke malalamiko kwa mamlaka inayowalinda walaji. Picha ya ukurasa ndiyo watu wengi huisahau, nayo ndiyo ya kwanza kutoweka.

Zoezi

Zoezi hili lifanywe nyumbani na watu wawili au zaidi, kwa kuwa mtu mmoja hujidanganya kwa urahisi.

Chagueni bidhaa mnayofikiria kuinunua mwezi huu. Mmoja asome maoni kumi ya kwanza jinsi tovuti au kundi lilivyoyapanga. Mwingine ayapange kwa tarehe, kisha asome kumi ya karibuni. Kila mmoja aandike uamuzi wake kwenye karatasi bila kumwonesha mwenziwe: anunue au asinunue, na kwa sababu ipi. Ndipo mfunue karatasi pamoja.

Kisha mrudi kwenye kitu mlichokinunua miezi sita iliyopita, ambacho hamkuwahi kukisemea lolote. Andikeni maoni yake sasa: mlikitumiaje, kwa muda gani, nini kimeharibika, nini hakijaharibika. Kama ni friji, andikeni na kiasi cha umeme inachokula kwa mwezi. Halafu mshuke mpaka chini kabisa ya ukurasa, mtafute yule mwenye kura nne, na kama mmeona maneno yake ni ya kweli, mmpe ya tano.